Sijala, Sista

Siku yangu ya kwanza thieta niliingia na hina mikononi. Dada yangu alikuwa ameolewa wiki hiyo kwetu Nambilanje, na kwetu harusi bila hina ni mkutano tu. Nilikuwa muuguzi mpya katika hospitali moja ya misheni upande wa Nachingwea. Jina lake naliacha, kwa sababu nitakayoyasema hayakuwa ya hospitali ile peke yake. Matroni, mtawa mrefu mwenye mwendo wa kuwahi basi, alinishika viganja akavigeuza huku na huku.

"Haya maua utayaacha wapi?" akauliza.

"Hayatoki, Matroni. Ni hina."

"Basi kwenye kidonda hugusi kitu. Nenda kichwani."

Kichwani ndiko anakosimama mtoa usingizi. Daktari wa upasuaji yuko tumboni na kisu chake, wauguzi wanampa vyombo, na huko juu yupo mtu mmoja anayemlaza mgonjwa, anayemlinda akiwa amelala, na anayemrudisha. Hina ikafutika, mimi nikabaki hapo, na nilibaki mpaka serikali iliponiambia umri umetosha.

Wagonjwa waliniita Sista, kama wanavyomwita kila muuguzi wa kike. Watawa wenyewe, ambao ndio masista wa kweli, waliniita Somoe. Marehemu baba, Mwislamu wa swala tano, alipokuja kunitembelea akasikia mwanawe anaitwa Sista korido nzima, alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole kama kuna jambo nataka kumwambia.

Nyinyi mnaosoma haya mkiwa vyuoni mna mashine. Mnabana kipimo kwenye kidole cha mgonjwa na namba za oksijeni zinajitokeza zenyewe. Sisi tulikuwa na macho na mikono. Nilitazama midomo: ikianza kuwa ya buluu, hewa haifiki. Kiganja changu kilikaa kifuani pa mgonjwa kikifuata pumzi, na kidole kingine kilikaa shingoni kikifuata mapigo. Dawa yenyewe watu waliiita nusukaputi, na jina hilo peke yake liliwatoa baadhi yao mbio wodini. Mzee wetu wa usingizi, muuguzi aliyejifunza kazi kwa kutazama wengine, aliniambia asubuhi ile ile ya kwanza, "Kulaza hata rungu linalaza. Wewe umeajiriwa kuamsha."

Huyo mzee ndiye aliyenifundisha swali. Kabla ya kumlaza mtu lazima umuulize, "Umekula?" Sababu yake ni hii. Kooni kuna njia mbili, ya chakula na ya hewa, na kuna kifuniko kinachoziba njia ya hewa kila tunapomeza. Mtu akipewa nusukaputi, kifuniko nacho kinalala. Tumbo likiwa na kitu, kitu hicho kinaweza kupanda juu kikateremkia mapafuni. Ndiyo maana mgonjwa anaambiwa asile tangu usiku wa kuamkia upasuaji. Nilipopelekwa chuo kusomea usingizi mwaka mzima, swali hilo nililikuta kwenye kitabu, nikalikuta tena kwenye mtihani, nikalijibu vizuri na kufaulu. Hakuna aliyetuambia kwamba swali nalo huweza kupimwa, kama vile damu au mkojo.

Niliporudi, Mganga Mfawidhi, yaani daktari aliyesimamia hospitali nzima, alinikabidhi kazi ya kichwani peke yangu. Alikuwa na mikono myepesi na hakuwa na makuu. Ulikuwa msimu wa korosho alipolazwa Mzee Selemani, mkulima wa Marambo, aliyesumbuliwa na ngiri. Haikuwa dharura. Alipangiwa siku, akaelezwa asile, akaja na mkewe, Bi Asha. Nilimuuliza wodini, nikamuuliza tena mlangoni pa thieta.

"Baba, umekula?"

"Sijala, Sista."

"Kweli hujala?"

"Wallahi, tangu jana sijala."

Nikamlaza. Daktari hajashika kisu, Mzee Selemani akatapika. Nilimgeuza kichwa, nikafyonza kwa mashine ya kukanyaga kwa mguu, lakini vingine vilikuwa vimeshateremka. Kilichotoka kilikuwa maji ya manjano yenye nyuzinyuzi, na harufu yake kila mtu wa kusini anaijua. Yalikuwa mabibo, lile tunda lenyewe ambalo korosho huning'inia chini yake. Mapafu yakachafuka. Tulimpigania wodini kwa kila dawa tuliyokuwa nayo, na hakuinuka tena. Nililia stoo, nikanawa uso, nikarudi kazini, maana kulikuwa na mama mwingine anasubiri.

Mganga Mfawidhi aliandika kwenye taarifa kwamba mgonjwa alidanganya. Akamwita mjane, akamweleza hivyo kwa sauti ya pole, nami nikiwa nimesimama mlangoni. Bi Asha hakuwa mtu wa Kiswahili kingi. Lugha yake ilikuwa Kimwera, Kiswahili kilikuwa cha sokoni, lakini siku ile hakukosa neno.

"Mume wangu si mwongo," alisema. "Hakula yule. Kanyonya mabibo tu, koo lilimkauka."

"Mama, mabibo si chakula?"

"Chakula ugali, Daktari. Mabibo yananyonywa. Nani anakula mabibo?"

Daktari akanigeukia, akitaka mimi Mmwera nimwambie kama mama huyu anajitetea tu. Nami niliona kwamba anasema kweli tupu. Kwetu, aliyekunywa uji amekunywa, hajala. Aliyetafuna ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa, ametafuna. Muwa unatafunwa, bibo linanyonywa, chai inanywewa. Kinacholiwa ni ugali na mboga yake. Mtu anaweza kushinda anapitisha vitu kooni kutwa nzima, na jioni akasema kwa moyo safi kwamba tangu asubuhi hajala, na mkewe akakimbia jikoni kwa huruma. Swali letu lilikuwa la kitabu na jibu lilikuwa la Marambo, na katikati yake mtu akafa.

"Tubadili swali," nilimwambia Mganga Mfawidhi mjane alipotoka. "Tena tuwafuatilie wagonjwa wengine, tuone wapo kiasi gani wenye jibu kama hili."

"Somoe," akasema, "utafiti ni kazi ya maprofesa. Wewe laza watu."

"Na ile taarifa? Bado itasema alidanganya?"

"Taarifa imeshakwenda."

Nilikasirika, na hasira ile imenilisha miaka yote ya kazi. Sikumchukia daktari. Nilichukia jinsi neno lile lilivyoandikwa haraka. Marambo nzima ingejua kwamba Mzee Selemani aliapa uongo akiwa mlangoni pa mauti, na kwa mtu wa dini hilo si dogo. Nikajiapia kwamba sitastaafu kabla neno lile halijafutwa, na kabla swali jipya halijaingia kwenye midomo mingine mbali na wangu.

Nikaanza kuuliza kwa namna yangu. "Tangu jana jioni umetia nini mdomoni? Umekunywa nini? Umenyonya nini? Umetafuna nini?" Wagonjwa walicheka, wakadhani Sista amechanganyikiwa, kisha wakaanza kutaja. Mmoja alitaja uji wa mtama. Mwingine alitaja korosho za kuchoma, "kidogo tu, za kupitisha muda." Mwezi wa Ramadhani nilijifunza jingine. Mtu anakwambia, "Nimefunga," na kweli amefunga, lakini daku alikula akashiba, na alfajiri si mbali na saa ya kuingia thieta. Kila nilipogundua jambo nilifurahi, na kila nilipofurahi nilikumbuka kwamba swali limo mdomoni mwangu tu. Nikienda likizo, nalo linakwenda likizo.

Hilo ndilo nililoligombea nilipohamishiwa serikalini, Ruangwa. Wakati huo mtoa usingizi aliyesomea alikuwa mimi na kivuli changu. Nikipata homa, mama mwenye uchungu uliokwama anapakiwa garini kwenda Lindi, na barabara ya wakati ule mliokuja juzi hamwezi kuijua. Nilikwenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kijana kwangu lakini mkubwa wangu kwa cheo, nikamwambia nataka mambo mawili, wanafunzi wa kuwafundisha usingizi na ruhusa ya kulichunguza swali.

"Mama, moja moja," akasema. "Bajeti ni ndogo."

"Mheshimiwa, ni jambo moja. Nikiwafundisha bila kuchunguza, nitawarithisha makosa yangu. Nikichunguza bila kufundisha, nitazikwa nayo."

Akacheka, akazungusha kalamu. "Lete kitu kinachoshikika, si hadithi ya mabibo."

Niliandika ombi, na kibali kilichukua msimu mzima wa korosho. Nilikwenda kukiulizia mpaka karani akawa anainama chini ya meza akisikia viatu vyangu. Kikatoka, na nikapewa wauguzi wawili wa kujifunza. Mmoja wao alikuwa Neema, binti wa Kikatoliki kutoka Chunyu, mpole wa sauti na mgumu wa kichwa. Kazi yetu ilikuwa rahisi kuieleza. Mmoja anamuuliza mgonjwa swali la zamani, "Umekula?" na kuondoka. Baadaye mwingine, asiyejua jibu la kwanza, anauliza swali langu lenye vitenzi vyote. Kisha tunalinganisha. Kila wodi tuliyopita alikuwepo aliyesema hajala na tumbo lake halikuwa tupu, na hakuna hata mmoja aliyeona haya tulipomwambia. Walitushangaa. "Mbona hukuniuliza habari ya uji?" bibi mmoja alinikoromea. "Uliniuliza kula."

Tukayapeleka matokeo kwenye mkutano wa waganga Lindi. Nilivaa gauni jipya. Nilipomaliza, daktari bingwa mmoja mgeni alinyoosha mkono. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Umetuonyesha kwamba jibu la kwanza si la kutegemewa," akasema. "Umejuaje kwamba la pili ni la kweli?"

Nilisema, "Kwa sababu watu wetu hawadanganyi, ukiwauliza vizuri." Ukumbi ulipiga makofi, naye akapiga kwa adabu, lakini niliona hakushiba, na kwa haki kabisa. Makofi si ushahidi.

Hata hivyo mlango ulifunguka. Swali jipya likaingia kwenye utaratibu wa thieta yetu, wauguzi wakaanza kuletwa kwangu kwa zamu kujifunza kazi ya kichwani, na Neema akapelekwa chuo. Nami nilipanda pikipiki mpaka Marambo kumtafuta Bi Asha. Nilimkuta anapepeta ufuta, amezeeka, macho yale yale. Nilikaa chini, nikamweleza kwa Kimwera kwamba tumepima, tumeona, na waganga wa mkoa wamesikia: mume wake hakuwa mwongo, swali letu ndilo lililokuwa bovu.

Alipepeta ungo wote mpaka ukaisha.

"Mimi hilo nililijua siku ile ile," akasema. "Nyinyi wasomi ndiyo kwanza leo?"

Kisha akaingia ndani akaniletea uji. Nikaunywa, na aliponiaga alinisikitikia kwamba naondoka sijala. Njiani nililia, dereva wa pikipiki akadhani ni vumbi.

Sasa nimestaafu. Nina shamba la ufuta Nambilanje, nina magoti yanayotabiri mvua, na Neema, ambaye sasa ndiye mkuu wa kitengo cha usingizi, huniita mara kwa mara kuzungumza na wanafunzi wake. Huwa nawaambia haya mliyoyasoma. Huwa nawaambia pia kwamba utafiti haukuumbiwa watu wa mbali. Kitabu cha chuo kinaandikwa na mtu ambaye hajawahi kunyonya bibo, na hilo si kosa lake, ila ni kazi yetu kumjazia. Na ukijua jambo usilifundishe, umelificha, hata kama hukukusudia. Hayo niliyasema miaka yote kwa kifua, nikijiona nimemaliza kazi yangu.

Mara ya mwisho nilipokwenda, nilifika mapema, na Neema akaniomba nimwoneshe mwanafunzi mpya namna ya kumuuliza mgonjwa. Alikuwa kijana wa Chunyu, amekuja kwa ajili ya ngiri, nywele amenyoa kwa mtindo wa Dar, simu mkononi. Nikakaa kitandani pake kwa heshima zote.

"Mjukuu wangu, tangu jana jioni umetia nini mdomoni?"

Kijana akabana kicheko. "Bibi naye! Hamna kitu, nipo freshi."

"Umekunywa nini? Umenyonya nini? Umetafuna nini?"

"Hamna, Bibi. Hata maji."

Nikamtazama mwanafunzi kwa kujivuna, kama kusema, ndivyo inavyofanywa. Neema alitoka mpaka kwenye benchi la nje, alikokaa mama wa kijana na chupa ya chai miguuni, akamwamkia, akamuuliza hali ya nyumbani na ya mashamba. Mimi nilimfuata mpaka mlangoni. Kisha Neema akasema, "Mama, pole kwa kuuguza. Leo umemwandalia nini mwanao?"

Uso wa yule mama ukachanua. "Uji wa ulezi, mwanangu. Nimetia karanga, nimetia na maziwa. Aende kwenye kisu na tumbo tupu, mimi nitakuwa mama gani?"

Nikashika mwimo wa mlango. Neema akarudi ndani, akainama kwa kijana, wala hakumfokea. "Uji ulikuwa mtamu?" akamuuliza. Kijana akaangalia simu yake. Akasema mama ndiye aliyemkataza kusema, kwa sababu wakisema wataahirishwa, na wametoka mbali, na wa kijijini akiahirishwa huenda asirudi. Neema akamwambia atalala hapo hapo wodini, mama yake apewe mahali pa kulala, na kesho asubuhi yeye ndiye wa kwanza. Kijana akashusha pumzi.

Vitenzi vyangu vyote vilikuwa vimepita juu ya yule kijana kama upepo. Nilikuwa nimemwambia daktari bingwa kwamba watu wetu hawadanganyi, na huyu alidanganya, kwa sababu yenye akili kabisa. Ningekuwa peke yangu kichwani siku hiyo ningemlaza, na mtu angebeba maiti kurudi Chunyu. Nikamvuta Neema pembeni.

"Umeanza lini kuwauliza wapishi?" nikamuuliza Neema.

Aliinamisha macho. "Muda kidogo, Mama. Tumeshalinganisha, kama ulivyotufundisha. Anayepika hafichi, anaona fahari. Ila sijapeleka mkutanoni."

"Kwa nini?"

"Maana yake ingekuwa swali lako halitoshi. Nikaona nisubiri."

"Usubiri nini?"

Jibu nililijua mwenyewe. Heshima ya kwetu ina mipaka yake inayojulikana, na alikuwa anasubiri nife. Iliniuma, sitawaficha. Iliniuma kwanza kwa ajili ya swali langu, lililonigharimu nusu ya umri. Kisha ikaniuma zaidi kwa ajili ya wote walioulizwa swali langu mahali pengine wakati Neema ananiheshimu.

Wanafunzi walikuwa wameshakaa darasani, madaftari wazi, wanangoja bibi awape hadithi ya mabibo. Neema akanionyesha kiti cha mbele. Sikukikalia. Nilisimama mlangoni nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka dirishani, "Leo anafundisha Neema. Anza na nilipokosea mimi, utaje na jina langu."

"Mama..."

"Nitaje, Neema. Hawa wakikuogopa wewe kama unavyoniogopa mimi, atakayelipa ni mgonjwa."

Alifuta machozi kwa kiganja. Kisha akaugeukia ubao, akaandika swali langu lote, kitenzi kwa kitenzi, akapiga mstari chini yake na kuanza kuwaeleza linavuja wapi. Mimi nilikwenda nyuma kabisa, nikasogeza mtu kwenye benchi, nikaazima karatasi kwake, nikaandika.